Kabla hujagusa vifurushi kwenye seva ya watu

Nazungumzia Debian na jamaa zake, Ubuntu ikiwemo: mifumo ya Linux ambayo programu zake huja kwa vifurushi, apt ikivileta na dpkg ikivisakinisha. Soma yote kabla hujaandika `sudo`, amri inayokupa mamlaka yote ya mashine.

Nakala ya akiba kwanza. Ikae nje ya mashine hiyo, na uwe umeshajaribu kuirejesha mahali pengine. Ile ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu.

Umeme. Hakikisha UPS inashika chaji. Ukiingia kwa ssh, yaani ukiwa mbali, fungua `tmux` au `screen`, zinazoiacha kazi iendelee hata ukikatika, ndiyo uanze, maana laini ikikatika dpkg ikiwa kazini, kifurushi kinabaki kimefunguliwa bila kusanidiwa. Yakikukuta, anza na `dpkg --configure -a`, halafu `apt --fix-broken install`, na usome inachosema kabla ya kubonyeza Y.

Nafasi ya diski. `df -h`, na utazame `/boot` hasa. Kerneli (viini vya mfumo) za zamani zikiijaza, initramfs mpya, faili ambalo mashine huwakia nalo, haiandikiki na kila usakinishaji unaofuata unagoma kwa kosa lile lile. `apt autoremove` kwanza.

Bando. Kama intaneti yako ni ya kununua kwa siku, tumia `apt full-upgrade --download-only`. Faili zitakusubiri `/var/cache/apt/archives`, na kazi yenyewe utaifanya hata mtandao ukiwa umekata.

Kufuli. Ukiambiwa `/var/lib/dpkg/lock-frontend` imeshikwa, usiifute. Kuna programu nyingine inafanya kazi, mara nyingi ni unattended-upgrades, inayosasisha mfumo yenyewe. Kanywe chai.

Sasa vyanzo vya vifurushi, na hapa tulia. Fungua `/etc/apt/sources.list` na kila faili lililomo `/etc/apt/sources.list.d/`. Kila mstari ujue umetoka wapi, nani aliuweka, na ni wa toleo gani la Debian.

Niliitwa kwenye SACCOS moja ambayo seva yake ilikuwa Debian 12. Mtengenezaji wa programu yao ya akaunti aliwaambia wanahitaji PostgreSQL, yaani programu ya hifadhidata, mpya zaidi ya toleo la 15 lililokuja na mfumo. Fundi wao, kijana hodari tu, akaokota mtandaoni mstari wa sid, yaani tawi la Debian ambalo bado linapikwa, akauongeza, akaandika `apt install postgresql`. Apt ikatii. Ikaleta PostgreSQL 17, na kwa kuwa hiyo ilijengwa juu ya libc6 mpya, maktaba ambayo karibu kila programu inaitegemea, ikaipandisha libc6 ya mashine nzima. Orodha ya vitakavyobadilishwa ilijaza kioo. Akabonyeza Y.

Debian haiondoi PostgreSQL ya zamani unapoleta mpya. Inaziweka bega kwa bega: ya 15 ikabaki mlango (port) 5432 na data zote, ya 17 ikafunguliwa tupu mlango 5433. Kuhamisha data ni kazi yako, kwa `pg_upgradecluster`. Kijana hakujua. Aliona mbili zinafanya kazi, akadhani mpya imesharithi kila kitu, akaamua kusafisha: `apt purge postgresql-15`. Kwenye orodha jina lilitokea na kinyota mwishoni, ambacho ndiyo alama ya apt kwamba inafuta mpaka mizizi. Kisha likaja swali: saraka za PostgreSQL nazo ziondolewe? Akajibu ndiyo.

Alipoielekeza programu kwenye mlango 5433, hapakuwa na mwanachama hata mmoja. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ya zamani. Iliyobaki ikaingizwa upya kwa mkono kutoka vitabu vya risiti, huku watu wako dirishani wanauliza salio. Na mashine yenyewe haikutengemaa: tulipotaka kusakinisha `libc6-dev` kutoka Debian 12 ilikataa, kwa sababu hudai libc6 ya toleo lile lile kabisa, 2.36, na iliyokuwepo ilishapanda. Debian haihimili kushusha matoleo. Tukasakinisha mfumo upya.

Kwa hiyo: ukihitaji toleo jipya, tafuta kwanza backports, yaani vifurushi vipya vilivyojengwa upya kwa toleo lako (kwa Debian 12, iitwayo bookworm, ni `bookworm-backports`), au ghala la mradi wenyewe lililojengwa kwa toleo lako la Debian. PostgreSQL wanalo, apt.postgresql.org. Tazama `apt policy` ikuonyeshe kifurushi kitatoka wapi. Halafu jaribu kwa `apt -s install`, ambayo inaigiza tu bila kugusa kitu. Macho yaende kwanza kwenye vitakavyoondolewa, vitakavyoongezwa baadaye. `remove` huacha mipangilio, `purge` haiachi. Ukiwa na shaka, `remove` inatosha, hakuna anayekufukuza.

Wewe unayetengeneza .deb, yaani vifurushi, zako mwenyewe, usijione uko salama. Usijengee kwenye kompyuta yako ya kila siku: imejaa maktaba ulizosahau, na kifurushi kitakubali kwako kisha kikatae kwa wengine wote. Tumia `sbuild`, ianze na mazingira matupu, ikuonyeshe ulichosahau kwenye Build-Depends, orodha ya vinavyohitajika kujengea. Pitisha `lintian`, mkaguzi wa makosa ya vifurushi, na usikasirike. Toleo la majaribio liandike `1.0~rc1`, kwa sababu alama ya `~` huliweka chini ya 1.0; ukiandika `1.0rc1`, 1.0 halisi itaonekana ya zamani na haitasakinishwa. Usiandike juu ya faili la kifurushi kingine; `dpkg -S` itakuambia ni la nani. Skripti ya postinst, ile ya baada ya kusakinisha, iweze kuendeshwa mara mbili bila madhara, maana itaendeshwa mara mbili. Na jaribu kukiondoa, si kukisakinisha tu: prerm, skripti ya kabla ya kuondoa, ikifeli, mteja anabaki na kitu kisichotoka. Kuhusu postrm, ile ya baada ya kuondoa, ukiandika `rm -rf`, amri inayofuta bila kuuliza, juu ya saraka yenye data za watu, rudi ukasome tena habari za SACCOS.

Mengine ni ya kawaida. Usielekeze `/usr/bin/python3` kwenye Python nyingine, zana nyingi za mfumo zinaitegemea. Weka kando orodha ya `dpkg --get-selections`, yaani ya vifurushi vilivyomo. Kabla ya kulaumu, soma `/var/log/apt/history.log`, imeandika nani alifanya nini na saa ngapi. Usianze Ijumaa jioni, wala siku ya mishahara. Na apt ikikuonya kwamba inakaribia kuondoa kifurushi cha lazima, usiendelee, funga terminali, mpigie simu mtu.