Kula bila ngano hapa Pemba

Kabla hujaacha ngano, kapime damu. Ukishaiacha muda mrefu, kipimo cha silieki (maradhi ya utumbo kuumizwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri) kinaweza kuonesha huna kitu na maradhi unayo.

Hapa Wete kuacha boflo na chapati si kazi. Kazi ni ngano iliyojificha. Urojo mwingi hutiwa unga wa ngano upate kuwa mzito. Bajia za dengu huchomwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa sambusa. Bokoboko ni ngano yenyewe, na uji wa shayiri nao una gluteni, hata bibi akikwambia ni dawa ya tumbo. Shughulini mimi huuliza jikoni kabla sijakaa kula. Watasema naringa, waache waseme.

Vitumbua na mkate wa kumimina ruhusa, ila mchele usiupeleke mashineni wanakosaga ngano. Uroweke usiku, asubuhi usage kwa blenda yako. Mkate wa mofa pia, ikiwa ni mtama mtupu. Muhogo, ndizi, mbatata, samaki: kula.

Tezi yangu ya thairoidi, ile ya shingoni, nayo ni dhaifu. Silieki na maradhi ya tezi hii hufuatana sana. Levothairoksini, dawa ya tezi hiyo, nainywa kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya chuma au kalsiamu viweke mbali nayo kwa saa 4. Ramadhani, muulize daktari kama unaweza kuinywa wakati wa kulala, tumbo likiwa tupu. Na kama damu imepungua, chai usiinywe pamoja na chakula, inazuia chuma. Ngoja kama saa moja.