Namna ya Kulinda Vifaa Tiba Vilivyounganishwa na Mtandao

Anza na orodha kabla ya kufikiria kununua programu yoyote ya kinga. Pita wodi kwa wodi ukiwa na fundi wa vifaa tiba na mtaalamu wa TEHAMA, mkiandika kila kifaa kilichoungwa mtandaoni: mtengenezaji, toleo la programu, anwani yake ya mtandao, chumba kilimowekwa na anayewajibika nacho. Msipekue mtandao mzima kwa programu za uchunguzi wakati wa kazi, kwa kuwa baadhi ya vifaa vya zamani hukwama vikipokea ujumbe visioutarajia, na pampu ya dripu inayomhudumia mgonjwa haifanyiwi majaribio.

Hatua ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote: tengeni vifaa tiba na mtandao wa ofisi na wa wageni, na kila kifaa kiruhusiwe kuwasiliana na seva (kompyuta kuu za kuhifadhi na kugawa taarifa) zile tu kinazozihitaji. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma nchini Uingereza, ilhali Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho ya kuziba upenyo ambao kirusi hicho kilipitia mwezi Machi mwaka huohuo. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, hutumika miaka mingi baada ya programu yake kuachwa na watengenezaji. Ikiwa haiwezi kurekebishwa, basi izingirwe.

Kusasisha programu kunahitaji idhini ya mtengenezaji na kauli ya daktari. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha sasisho la usalama kwa vidhibiti mapigo ya moyo vipatavyo 465,000 nchini humo. Kazi hiyo ilichukua takriban dakika 3, lakini mgonjwa alilazimika kufika kliniki, kwa sababu katika muda huo kifaa kilifanya kazi kwa hali ya akiba, kikiuendesha moyo kwa mapigo 67 kwa dakika. Hatari hiyo ndogo nayo ilipaswa kupimwa kwa kila mgonjwa.

Badilisheni nywila za kiwandani. Kuhusu faragha, seva za picha za eksirei zisifikiwe moja kwa moja kutoka intaneti, kwani jina na tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa husafiri ndani ya faili ya picha yenyewe. Kifaa kinapouzwa au kutupwa, futeni kumbukumbu yake kwa utaratibu wa mtengenezaji, maana inaweza kubaki na taarifa za wagonjwa pamoja na nywila ya Wi-Fi ya hospitali.

Mkishuku kifaa kimeingiliwa, asikiguse mtu yeyote kabla muuguzi au daktari hajahakikisha kwamba mgonjwa ana huduma mbadala. Ndipo kitolewe mtandaoni bila kuzimwa, ili ushahidi uliomo usipotee, na vipimo viandikwe kwa mkono kwenye fomu ambazo wodi imeziandaa mapema.