Wazazi wa babu mzaa babu: anza na mirathi, cheti cha kuzaliwa kiache

Swali ninaloletewa zaidi ni hili: "Babu mzaa babu jina tunalo, na la baba yake tunalo. Mama yake nani?" Halafu mtu ananiambia kazunguka ofisi tatu kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya 19. Hakipo. Wazee wale hawakuandikwa walipozaliwa. Waliandikwa walipooa, walipouza shamba, na walipokufa.

Kazi hii naifanya Unguja. Nitaonyesha njia kwa kisa cha babu yangu mwenyewe, ambaye mama yake alinisumbua miaka.

Hatua ya 1: Waulize wazee, ila usiulize wazazi

Ukimuuliza bibi "wazazi wake ni nani?" atakujibu "sijui" na mazungumzo yamekwisha. Uliza kazikwa wapi. Nani alimuozesha. Shamba la mikarafuu lilikuwa la nani kabla yake. Nani aligombana na nani kwenye urithi, maana ugomvi hausahauliki. Kama ukoo wenu una watani, nenda kwa mtani pia: msibani ndiye husema yale ambayo wenye msiba wameyafunika.

Shangazi yangu alinyamaza kila nilipofika kwa mama wa babu. Nikamwacha. Pwani yetu, kimya cha namna hiyo mara nyingi kina utumwa ndani yake, na mzee habanwi. Kimya chenyewe nikakiandika daftarini, pamoja na tarehe.

Miaka ipime kwa matukio: kimbunga cha 1872, mizinga ya Waingereza mwaka 1896, vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 kwa watu wa bara, homa kuu ya 1918. "Alikuwa anatambaa Waingereza walipopiga jumba la Sultani" ni tarehe nzuri kuliko nyingi nilizoziona zimepigwa muhuri.

Hatua ya 2: Fungua sanduku

Karatasi za ndoa, hati za shamba, stakabadhi, barua, na msahafu. Familia nyingi ziliandika vizazi kwenye kurasa tupu za mwanzo au mwisho wa msahafu. Ikiwa ni Kiswahili cha herufi za Kiarabu na huwezi kukisoma, mwalimu wa chuo cha Kurani atakusaidia. Piga picha pande zote mbili, hata upande mtupu. Usibandike gundi ya plastiki wala usipeleke karatasi ikatiwe nailoni. Nimeona hati ya karne nzima imeharibiwa hivyo kwa mapenzi mema.

Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97 kisha ujumlishe 622: 1330 inakupa 1912. Na kumbuka siku yetu huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoamkia Ijumaa.

Jina moja pia huvaa nguo nyingi. Mjerumani aliandika Juma kwa "Dsch" na Shabani kwa "Sch". Padri Mfaransa aliweka "ou" palipo na "u". Soma kwa sauti, usisome kwa macho tu.

Hatua ya 3: Mirathi

Hapa ndipo nataka ukae. Kadhi akigawa mirathi huandika kila mrithi na uhusiano wake na marehemu, kisha fungu lake. Mafungu yenyewe yanazungumza. Mke akipata thumni, yaani moja ya nane, marehemu ana watoto. Akipata robo, hana. Mama akipata sudusi, yaani moja ya sita, kuna watoto, au ndugu wawili na zaidi. Akipata thuluthi, yaani moja ya tatu, hakuna watoto, wala ndugu hawafiki wawili. Hata jina likiwa limeliwa na mchwa, hesabu inakwambia nani alikuwepo.

Nilianza na jalada la baba wa babu. Wake wawili, watoto, lakini hakuna mwanamke ambaye angeweza kuwa mama wa babu. Mwaka mzima niliamini alikufa kabla ya mumewe. Nilikosea. Suria, yaani mtumwa ambaye bwana wake alimweka kinyumba, hakurithi kwa bwana huyo. Mtoto wake alirithi sawa na watoto wa mke, na yeye mwenyewe alikuwa huru bwana alipokufa, ila jina lake halimo kwenye orodha. Amri ya 1897 iliyofuta utumwa kisheria Zanzibar iliwaacha masuria nje mpaka 1909, kwa hiyo jambo hili lilifika karibu kuliko watu wanavyodhani.

Basi usiishie kwenye mirathi ya baba. Tafuta ya mtoto, na zaidi ya ndugu aliyekufa kijana. Kaka wa babu alikufa bila mtoto. Mali yake iligawanywa mafungu 12: mke 3, mama 4, ndugu shakiki 5. Huyo shakiki ni babu yangu kwa jina lake, na shakiki maana yake baba mmoja, mama mmoja. Mama wa marehemu ndiye mama wa babu. Alikuwa hai, huru, na kaandikwa.

Hatua ya 4: Ndoa

Mtazame walii, yule anayemuozesha bibi harusi. Kwa kawaida ni baba wa bibi harusi. Akiwa kaka au ami, huenda baba keshafariki au yuko mbali. Mtego ni huu: mwanamke aliyeachwa huru kutoka utumwani, asiye na jamaa wa kiume, aliozeshwa na bwana aliyemwacha huru. Usimwandike bwana kuwa baba.

Kwa Wakristo wa makazi ya misheni ya Bagamoyo, Mbweni (Unguja) au Freretown (Mombasa), shika madaftari ya kanisa. La ndoa mara nyingi lina wazazi wa pande zote mbili. Katika la ubatizo la Kikatoliki, lililoandikwa Kilatini, tafuta "filius" (mwana wa kiume) au "filia" (binti), kisha msimamizi wa ubatizo, kisha maandishi ya pembeni.

Hatua ya 5: Nyaraka

Kwa Unguja nyumba ya nyaraka za serikali iko Kilimani. Usiende na jina peke yake. Nenda na jina, mtaa au shamba, na miaka isiyozidi kumi. Nakili namba ya jalada kabla hujaanza kusoma. Nimewahi kurudia wiki nzima ya kazi kwa kuisahau.

Mama wa babu kaandikwa "binti Abdallah". Hapo nikaweka kalamu chini. Abdallah, mja wa Mungu, ni jina ambalo tangu zamani Waislamu walimpa baba asiyejulikana, au asiyekuwa Mwislamu. Kwenye mti wetu wa ukoo nafasi ya baba yake ipo wazi, na pembeni nimeandika namba ya jalada kwa penseli.