Namna ya kukagua pikapu kuukuu ya dizeli kabla ya kuinunua Kigoma

Kila baada ya mavuno, wakulima na wafanyabiashara wa dagaa huniletea gereji pikapu za dizeli ambazo wameshazilipia, wakitaka niwaambie kama ni nzima. Kwa wakati huo jibu langu haliwasaidii tena. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu ambaye fedha yake bado iko mfukoni, na msingi wake ni mmoja: injini iliyochoka hufunguliwa ikatengenezwa, lakini chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikishaliwa na chumvi hairudi. Kwa hiyo ukaguzi wa pikapu katika mkoa wetu huanzia chini ya gari, na boneti hufunguliwa baadaye.

Hatua ya 1: Jua ni injini gani kabla hujaenda kuliona gari

Muulize muuzaji aina ya injini kwa simu. Toyota Hilux za zamani zenye injini ya 2L, 3L au 5L, na Land Cruiser zenye 1HZ ya silinda sita na lita 4.2, hazina turbo wala kompyuta ya kuongoza mafuta, na karibu kila fundi wa Kasulu au Kibondo amewahi kuzifungua. Injini ya 1KZ-TE ina nguvu zaidi, lakini hedi yake, yaani kifuniko cha juu ya silinda, inajulikana kwa kupasuka joto likizidi, na pampu yake inaongozwa kwa umeme. Mtu anayeishi kijijini, mbali na fundi mwenye kifaa cha kupimia, simshauri aichukue. Kumbuka pia kwamba kipuri kisichopatikana mjini kitatoka Dar es Salaam, takriban kilomita 1,250 kwa njia ya reli.

Hatua ya 2: Lala chini ya gari

Chukua nyundo ndogo, tochi na gunia la kulalia. Gonga chesisi taratibu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na chuma kilichooza hutoa sauti butu au hubonyea. Kaa zaidi sehemu ya nyuma, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli na pale springi zinaposhikwa, kwa sababu matope hujikusanya hapo na kukaa na unyevu majuma mengi.

Uliza gari lilikuwa linabeba nini, na usiridhike na jibu la mdomo. Pikapu iliyosomba chumvi kutoka Uvinza, au samaki waliotiwa chumvi, imenyeshewa maji ya chumvi kutoka kwenye bodi hadi kwenye chesisi kila safari. Niliwahi kuletewa Hilux iliyong'aa kwa rangi mpya, ambayo chini yake ilikuwa imepakwa lami nzito. Tulipoikwangua tulikuta bamba limechomelewa juu ya tundu linaloingia ngumi. Mwenye gari alikuwa ameuza ng'ombe ili ailipe. Ukiona lami mbichi chini ya gari kuukuu, omba ruhusa ya kukwangua sehemu tatu, na muuzaji akikataa, ondoka. Gari lililobeba mawese, kwa upande mwingine, huwa chafu na lenye kunata, lakini mara nyingi nimekuta chuma chake kimehifadhika chini ya uchafu huo.

Hesabu pia majani ya springi za nyuma. Yakiwa yameongezwa kuliko ya kiwandani, gari lilizoea mzigo uliopita kiasi, na hapo utafute nyufa na alama za kuchomelea kwenye chesisi kwa makini zaidi.

Hatua ya 3: Iwashe ikiwa baridi

Fika asubuhi na mapema, kabla muuzaji hajaiwasha, na uiguse injini kwa mkono. Ikiwa ina joto, ahirisha ukaguzi hadi kesho. Kabla ya kuwasha, fungua rejeta na utazame maji. Mafuta yanayoelea humo yanaonyesha kwamba gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka. Vuta kijiti cha oili: oili nyeusi ni ya kawaida kwa dizeli na isikutishe, lakini ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia.

Subiri taa ya hita plagi, yaani plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, izimike, kisha washa. Moshi mweupe kidogo unaokoma baada ya muda mfupi unaweza kuwa ni hita plagi moja iliyokufa, jambo dogo. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni jambo kubwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mwingi mara nyingi husababishwa na nozo (vinyunyizio vya dizeli) zilizochoka au chujio la hewa lililoziba, na hilo hurekebishika.

Injini ikinguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiache kimekaa juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa na mvuke ukitoka kwa mapigo ya nguvu, ringi na silinda zimelika, injini inapumua, na inabidi uhesabu gharama ya kuifungua yote.

Hatua ya 4: Ipandishe mlima

Mjini Kigoma jaribio zuri ni kutoka stesheni ya reli kupanda kuelekea Mwanga, watu watatu wakiwa wamekaa nyuma. Ukiwa gia ya nne, kanyaga mafuta: injini ikipaza sauti bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Gia ikijitoa yenyewe unapoachia mafuta, giaboksi inahitaji kufunguliwa. Mshale wa joto ukipanda kupita katikati, usimkubali anayesema kwamba ni kipimo tu kibovu. Kisha tafuta mchanga au udongo laini, weka gia ya magurudumu manne (4WD), na usikie kama difu ya mbele, inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, inafanya kazi. Usifanye jaribio hilo kwenye lami.

Hatua ya 5: Izime ikiwa na joto, kisha uiwashe tena

Wanunuzi wengi huruka jaribio hili. Baada ya mwendo wa nusu saa, zima, subiri dakika kumi, uwashe. Pampu nyingi za dizeli za zamani hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huzila kwa ndani, na pampu iliyolika hushindwa kusukuma mafuta inapopata joto, ingawa asubuhi iliwaka vizuri. Ukimwona muuzaji akimwagia pampu maji au kuiwekea kitambaa kibichi ili gari liwake, umepata jibu lako.

Hatua ya 6: Nyaraka

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, ambayo kwenye Toyota nyingi za aina hii iko mbele upande wa kulia, na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Hakikisha jina la kwenye kadi ni la mtu unayemlipa, na umiliki uhamishwe TRA. Gari lililovuka kutoka Burundi kwa njia ya Manyovu na halina ushahidi wa kulipiwa ushuru liache, hata bei ikiwa ya kuvutia kiasi gani.

Hatua ya 7: Piga hesabu kabla ya kutaja bei

Andika kila kasoro pamoja na gharama ya kipuri na ya fundi, kisha uitoe yote kwenye bei ya gari zima la aina hiyo. Chesisi iliyooza usiipigie hesabu. Hiyo inamaliza mazungumzo. Injini inayopumua unaweza kuikubali, mradi bei imeshuka kwa gharama kamili ya matengenezo na fedha hiyo unayo sasa. Injini zote tano nilizozitaja mwanzo zina taiming belti, yaani mkanda unaoendesha valvu, na kama muuzaji hana uthibitisho wa lini ilibadilishwa, ihesabu kuwa imekwisha, kwa kuwa ikikatika valvu hugongwa na pistoni. Ibadilishe, pamoja na oili na chujio la dizeli, kabla ya kupakia gunia la kwanza.