Namna ya Kutafsiri Neno "Demon" Katika Mahubiri

Anayetafsiri mahubiri ya Kiingereza jijini Mbeya, iwe Mwanjelwa au Uyole, aanze kwa kutenganisha maana mbili za neno "demon". Wagiriki wa kale walisema "daimon", wakimaanisha nguvu ya kiungu iliyo chini ya miungu wakubwa, ambayo huweza kuwa njema au mbaya. Socrates, mwanafalsafa wa Kigiriki, mwenyewe alisimulia ishara ya namna hiyo iliyokuwa ikimzuia alipotaka kutenda lisilofaa. Maana ya uovu mtupu ilikazwa na maandiko ya Kiyahudi na ya Kikristo yaliyoandikwa kwa Kigiriki, ambayo yalitumia neno lenye shina moja na "daimon" kwa miungu ya mataifa na kwa pepo wanaotolewa, kisha neno likapitia Kilatini hadi Kiingereza.

Kwa hiyo mhubiri akisoma Injili, sema "pepo", kama Biblia yetu isemavyo. Akizungumzia Wagiriki, "roho" ni salama zaidi. Usikimbilie "mizimu": kwa wazee wengi wa Kinyakyusa na Kisafwa hao ni wahenga wa ukoo, na msikilizaji ataona umemtukania babu yake. "Devil" ni neno jingine kabisa, lenye asili ya Kigiriki ya msingiziaji. Hilo litafsiri "Ibilisi".