Kupanga kinachotazamwa sebuleni kulingana na maadili ya nyumba yenu

Saa mbili na nusu usiku, tamthilia imefika patamu. Mama mkwe amekaa kochi la pembeni, watoto wako chini kwenye mkeka. Wahusika wawili wanaanza kusogeleana midomo. Mmoja sebuleni anakohoa, mwingine anakumbuka maji aliyobandika jikoni, mkono wa tatu unapapasa chini ya mto kutafuta rimoti. Wote wanajua kuna mpaka umevukwa, ila hakuna aliyewahi kuutaja. Mwongozo huu ni wa kuutaja mapema, kuuandika, kisha kuufunga kwenye king'amuzi, televisheni na simu. Tengeni jioni mbili: ya kwanza ya mazungumzo, ya pili ya mitambo.

Jioni ya kwanza: andikeni kinachoonekana

Kila mtu kuanzia miaka 7 aandike, au aandikiwe, vitu vitatu asivyoweza kuvumilia kwenye skrini na viwili anavyovipenda. Dakika 15 zinatosha. Sharti ni moja: asiandike "filamu chafu" wala "isiyo na maadili". Aandike kile ambacho jicho linaona na sikio linasikia: busu la mdomoni, damu ikitiririka, matusi ya nguoni, mtoto anamjibu mama yake kwa dharau na watu wanacheka, mganga anachinja kuku, pombe mezani kila tajiri anapoonyeshwa.

Msilegeze sharti hili, kwa sababu neno "maadili" humaanisha kitu tofauti kwa kila anayelitamka. Bibi anawaza mavazi. Baba anawaza matusi. Binti aliye chuoni anaweza kukerwa zaidi na mwanamume anayemfuatafuata msichana, anamvuta mkono, anamzuia mlangoni, kisha muziki mtamu unapigwa kuonyesha kwamba hayo ndiyo mapenzi. Tamthilia za kutafsiriwa zina matukio mengi ya aina hii, na nyumba iliyohesabu mabusu peke yake huyaacha yapite. Kwa maoni yetu, la binti linastahili nafasi ya juu kwenye orodha.

Mkishakusanya, gawanyeni karatasi safu tatu: hapana kabisa, tukiwa na mtu mzima, na sawa. Safu ya kwanza isizidi vitu vitano. Ikifika kumi na tano hakuna atakayeikumbuka, na mwezi wa pili mtakuwa mmeshaiacha.

Kisha jibuni swali gumu zaidi: je, nyumba yenu inakataa jambo kuonyeshwa, au inakataa jambo kusifiwa? Chukueni filamu ya Kinaijeria ya mwaka 1992, Living in Bondage. Mwanamume anamtoa mkewe kafara ili atajirike, halafu mzimu wa mke unamwandama. Familia moja itaikataa kwa kuwa kafara lenyewe limeonyeshwa. Jirani yao, waumini wa kanisa hilohilo, wataiweka makusudi ili watoto waone mwisho wa utajiri wa aina hiyo. Wote wana msimamo unaoeleweka. Tatizo huanza pale baba ana msimamo wa kwanza na mama ana wa pili, na mtoto ameshajua amwombe nani ruhusa.

Alama za umri zinakuambia nini

Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu hutumia GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Tanzania kazi hii iko kwa Bodi ya Filamu. Kwenye filamu za Marekani mtakutana na R, na hapa wengi hukosea: R haimaanishi 18. Kwao inamaanisha aliye chini ya miaka 17 aingie sinema akiwa na mzazi au mlezi. Basi alama ya nchi moja msiihesabu kama ya nchi nyingine.

Alama hizi hupima hasa ngono, vurugu, lugha na dawa za kulevya. Kwa kawaida hazipimi dharau kwa wazee wala tamaa ya mali. Filamu ya PG inaweza kujaa hayo yote. Kwa hiyo someni na sababu zinazoandamana na alama. Netflix huziweka kwa maandishi madogo kwenye kona, sekunde za mwanzo wa filamu. Kwenye IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, ukurasa wa filamu una mwongozo wa wazazi wenye mafungu matano: ngono na utupu, vurugu na damu, matusi, pombe na dawa za kulevya, na matukio ya kutisha. Tafuteni kwa jina pamoja na mwaka, maana majina hurudiwa. Mwongozo huo huandikwa na watazamaji wenyewe, na mara nyingine hufichua mwisho wa hadithi.

Filamu zilizojazwa kwenye flashi dukani hazina alama yoyote. Na iliyotafsiriwa na DJ ni kazi nyingine kabisa: mtafsiri huongeza utani wake, hubadili maana, na mara nyingine hutia matusi ambayo hayamo kwenye filamu ya asili. Alama ya filamu ya asili haiwasaidii hapo. Sikilizeni wenyewe kwanza.

Kwa tamthilia ndefu, mtu mzima mmoja aonje dakika 20: dakika 5 za sehemu ya kwanza, 10 za sehemu ya katikati, 5 za sehemu ya mwisho iliyokwisha kutoka. Msiamue kwa sehemu ya kwanza tu, kwa kuwa hiyo hutengenezwa kumnasa mtazamaji, na tabia za wahusika hujitokeza baadaye.

Jioni ya pili: kufunga mitambo

King'amuzi. Ingia kwenye menyu, mipangilio, kisha udhibiti wa wazazi. Namba ya siri ya kiwandani mara nyingi ni 1234 au 0000, na watoto wanaijua. Ibadilishe, usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani. Weka kikomo cha umri, funga chaneli mojamoja zile mlizoandika, zima king'amuzi, kiwashe, kisha jaribu kuzifungua.

Kasoro inayosahaulika: televisheni nyingi za sasa zinapokea chaneli za bure moja kwa moja kwa antena, na zina tundu la flashi. Kufuli ya king'amuzi haigusi njia hizo mbili. Funga na kwenye menyu ya televisheni yenyewe, kama ina kufuli.

Netflix. Fungua akaunti kwa kivinjari, chagua wasifu (profile) wa mtoto, weka kikomo cha umri, na ongeza majina ya filamu mlizokubaliana kuzizuia. Kisha funga wasifu wa wakubwa kwa namba ya tarakimu nne, na washa sharti la namba hiyo kabla ya kuongeza wasifu mpya. Usipofanya hatua hizi mbili za mwisho, mtoto atafungua wasifu wa baba au atajitengenezea wake. Zima pia uchezaji wa sehemu inayofuata. Huo ndio unaokula usingizi.

YouTube. Hali ya kuchuja video zisizofaa (Restricted Mode) huwashwa kwa kila kifaa na kila kivinjari peke yake. Ukiiwasha kwenye simu, televisheni bado iko wazi. Kichujio hutegemea ishara kama kichwa cha video na maelezo yake, kwa hiyo kipande kibaya chenye kichwa cha upole kinaweza kupita. Kwa mtoto wa chini ya miaka 9, tumia YouTube Kids na uchague mwenyewe chaneli anazoruhusiwa.

Wakubwa nao

Karatasi ikiwa na masharti ya watoto peke yao haitadumu. Andikeni pia ya watu wazima: nini mtu anatazama kwa simu na visikizi chumbani, nini hakifunguliwi wageni wakiwepo, nini kinasimama Ramadhani, Kwaresima, au nyumba ikiwa na msiba. Dada wa kazi apewe nakala na namba ya siri, kwa sababu mchana yeye ndiye mwenye rimoti.

Tukio lililokatazwa likitokea ghafla, msibadilishe chaneli kimyakimya. Mtoto hubaki na picha bila maelezo, na ataitafuta mwenyewe. Simamisha, taja kwa sentensi moja kilichowafanya msimame ("hapa anampiga mkewe, na sisi hatukubali hilo"), kisha ruka mbele au muulizane kama mnaendelea. Karatasi ibandikwe mlangoni mwa jokofu, na ipitiwe upya kila shule zikifungwa, kwa kuwa mtoto wa miaka 12 hapaswi kuzuiwa kama wa miaka 8.