Zena hufungwa kinyume: ipime mwenyewe kwa adapta ya volti 12

Dayodi ni kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu: ya kawaida ukiifunga kinyume, umeme haupiti na kifaa hakiwaki. Zena ni dayodi ya kushikilia volti zisizidi kiwango chake, na usipoifunga kinyume, haifanyi kazi hiyo uliyoinunulia. Vijana wanaokuja kujifunza ufundi kwangu hunitazama kwa mashaka nikiwaambia hivyo, kwa hiyo siku hizi sielezi sana. Nawapa vifaa wapime wenyewe, na wewe fanya hivyohivyo.

Tafuta zena moja namba 1N4733A, ambayo ni ya volti 5.1 na wati 1. Bei yake ni ndogo, nunua tatu kabisa. Ongeza rezista ya omu 470 ya nusu wati, nyingine ya kilo-omu 1 na nyingine ya omu 220, betri mbili za rimoti, adapta ya volti 12 kama ile ya ruta, na multimita. Duka likikupa rezista ya omu 470 ya robo wati, irudishe. Sababu utaiona kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 1: Isome kabla hujaifunga

Mstari uliochorwa upande mmoja wa mwili wake ndiyo kathodi. Upande usio na mstari ni anodi. Kufunga mbele ni anodi kuelekea chanya; kufunga kinyume ni kathodi kuelekea chanya. Namba ni ndogo mno, mimi huikuza kwa kamera ya simu. Kwenye zile ndogo za kioo chekundu unaweza kukuta 5V1: hiyo V imekaa mahali pa nukta, yaani volti 5.1. 3V3 ni volti 3.3, na kadhalika.

Usiruke hatua hii. Niliwahi kutengeneza sabufa ambayo bodi yake ya Bluetooth ilikuwa inapata volti 5 kupitia zena. Zena ilikuwa imekufa. Nikachukua dayodi ya kioo kwenye kopo, rangi ileile, mstari uleule mweusi, nikailehemu. Ilikuwa 1N4148, dayodi ya kawaida, ambayo kinyume huvumilia mpaka volti 100 bila kupitisha kitu. Ilikaa pale kama mapambo tu, volti 12 zikapita kwenda kwenye bodi. Bodi mpya nilimnunulia mteja kwa hela yangu.

Hatua ya 2: Mita peke yake haitoshi

Weka mita kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu upande usio na mstari, mweusi kwenye mstari: utasoma kama 0.7. Geuza waya: mita itaandika OL, au 1 pekee kwa mita za zamani, yaani umeme haupiti. Wengi huishia hapo na kusema nzima.

Kweli, haijafunga shoti wala haijakatika. Lakini mita nyingi hutoa volti 3 hivi tu katika kipimo hicho, hazifiki 5.1. Ile 1N4148 yangu nayo ingesoma vivyo hivyo kabisa.

Hatua ya 3: Ifunge mbele

Chanya ya adapta iende kwenye rezista ya 470, kutoka rezista iende upande wa zena usio na mstari, na upande wa mstari urudi hasi. Mita kwenye volti za DC, pima juu ya zena, yaani waya mmoja wa mita kila upande wake. Utapata 0.7 au 0.8. Hapa zena ni dayodi kama dayodi nyingine yoyote ya silikoni, na ile 5.1 haionekani popote.

Sasa pima juu ya rezista: kama volti 11.3. Gawanya kwa 470, unapata ampea 0.024, yaani miliampea 24. Zidisha 11.3 kwa 0.024: wati 0.27. Rezista ya robo wati ingekuwa imezidiwa tayari. Iguse hiyo ya nusu wati, utaikuta ina joto.

Hatua ya 4: Sasa igeuze

Chomoa umeme, geuza zena ili mstari uangalie rezista, upande wa chanya. Usianze na adapta. Anza na betri mbili za rimoti, volti 3. Mita juu ya zena itasoma karibu volti 3 zote, na juu ya rezista karibu sifuri. Mlango umefungwa.

Rudisha adapta. Juu ya zena: 5.1 au karibu yake. Usisumbuke ukipata 4.9, kwa sababu 1N4733A inaruhusiwa kupishana asilimia 5 juu au chini. Volti 6.9 zilizobaki zimebebwa na rezista, na mkondo ni miliampea 14.7. Ukiwa na adapta ya volti 9, ijaribu pia: mkondo utashuka mpaka miliampea 8 hivi, lakini juu ya zena mita itacheza kidogo sana, pengine sehemu moja ya kumi ya volti.

Kinachotokea ndani ni kwamba tabaka la katikati ya zena limetengenezwa jembamba sana. Volti ya kinyume ikifika kiwango chake, nguvu ya umeme pale huwa kali kiasi cha kung'oa elektroni mahali pake, na mkondo unapita. Mmarekani Clarence Zener ndiye aliyeeleza jambo hilo mwaka 1934, na kifaa kikabeba jina lake. Zena za juu ya volti 6 hivi hufanya kazi kwa njia nyingine: elektroni moja hugonga zingine, nazo zikagonga zingine, kama maporomoko. Dukani zote huitwa zena.

Kupitisha mkondo kinyume namna hii hakuiui zena, mradi rezista ipo. Bila rezista, adapta itasukuma mkondo wote iliyo nao, wakati 1N4733A haitakiwi kuzidi miliampea 178. Itaungua kabla hujainua mita.

Hatua ya 5: Ipe mzigo

Mzigo ni chochote kinachokula umeme kutoka kwenye zena. Hapa rezista itashika nafasi yake: funga ya kilo-omu 1 sambamba na zena, mguu kwa mguu. Inakula miliampea 5, zena inabaki na kama 10, volti hazitikisiki. Toa hiyo, weka ya omu 220. Mita inashuka mpaka 3.8. Mzigo ulitaka miliampea 23 na rezista ya 470 haiwezi kuzileta, kwa hiyo zena imefunga mlango na rezista mbili zinagawana volti zenyewe.

Basi rezista huchaguliwa kwa kuangalia mzigo. Bodi inayokula miliampea 40 nitaiwekea omu 100: mkondo wote ni miliampea 69, na rezista inapata wati 0.48, kwa hiyo natumia ya wati 1. Kumbuka kwamba zena huchoka zaidi bodi ikichomolewa, maana hapo inabeba zile 69 zote peke yake. Ni wati 0.35, inavumilia.

Na swali ninaloulizwa kila wiki: naweza kuchajia simu kwa zena kutoka betri ya pikipiki? Simu inayotaka miliampea 500 tu itahitaji rezista ya omu 13 hivi, yenye kupoteza wati 3 na zaidi. Siku ukichomoa simu, zena ya wati 1 inabebeshwa wati 2 na nusu. Nunua bodi ndogo ya kushusha volti.